Chuma Kilichotumika: Historia ya Matrekta ya Kongwa na Uamuzi Ulio Mbele Yetu

  Kamati ya maandalizi imeniagiza niandike katika kijitabu hiki makala ya historia itakayotusaidia kulijadili jambo lililowekwa katika ajenda ya mkutano wetu, nalo ni pendekezo la kununua trekta lililokwisha kutumika kwa ajili ya shamba alilotuachia marehemu Babu.

Jambo lenyewe si dogo. Mvua ya Kongwa huja mara moja tu kwa mwaka. Huanza mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, nayo hukoma Aprili, na katikati yake hukatika pasipo kumwaga mtu. Ardhi haikubali kulimwa kabla ya mvua ya kwanza kuilainisha, na mahindi yanayochelewa kupandwa hukutwa na ukame yakiwa yanatoa mbelewele. Kila mwaka Baba Mdogo huandikisha jina lake kwa wenye matrekta ya kukodi, na kila mwaka zamu yake hufika majirani wakiwa tayari wanapalilia. Nusu ya shamba hulala pori. Vijana waliobaki nyumbani wanaliangalia pori hilo, kisha wanaiangalia barabara ya Dar es Salaam. Iwapo tutanunua chuma kibovu, hatutapoteza fedha tu, tutakuwa tumewafundisha vijana hao kwamba ahadi za watu wa ughaibuni ni moshi. Kwa hiyo ni vema kwanza tujue kwamba wilaya yetu ina historia ndefu na matrekta, na kwamba historia hiyo ilianza kwa mitumba.

Mashine zilizokuja baada ya vita

Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa Kampuni ya United Africa, alitoa wazo la kulima karanga katika Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, nao ukarudi na mpango wa kufyeka na kulima ekari 3,210,000 kwa muda wa miaka sita, kwa gharama ya karibu paundi milioni 25. Sehemu kubwa ya ekari hizo ilikuwa katika Tanganyika, na mahali pa kuanzia palichaguliwa Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea.

Kazi ilianza mwaka 1947. Viwanda vya Uingereza, vilivyokuwa vikijikwamua kutoka katika vita, havikuweza kutoa matrekta mapya ya kutosha. Wanunuzi wakaenda kuyatafuta mahali yalipokuwa yamelundikana, na mengi yakapatikana Ufilipino katika mabaki ya jeshi la Marekani. Wakati huohuo kampuni ya Vickers-Armstrongs ilichukua vifaru vya aina ya Sherman, ikaviondolea mizinga na kuvigeuza matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Hivyo ndivyo ardhi ya babu zetu ilivyokutana na trekta kwa mara ya kwanza kwa wingi: kwa mashine zilizokwisha kufanya kazi nyingine, katika nchi nyingine, chini ya mikono ya watu wengine.

Marehemu Babu aliajiriwa mwaka huo akiwa kijana, kwanza kama mfyekaji, kisha kama utingo, na hatimaye kama dereva. Wengi wetu tulimsikia akisimulia jinsi mashine mbili kubwa zilivyokuwa zikienda sambamba, mnyororo mzito wa meli ukiwa umefungwa kati yake, zikiangusha vichaka vya miiba kana kwamba ni nyasi. Alikuwa akimaliza masimulizi hayo kwa kueleza kwamba kuangusha kichaka ilikuwa kazi rahisi. Mizizi ilibaki ardhini, nayo ndiyo iliyovunja majembe.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Matrekta mengi yalikuwa yamesimama kabla hata msimu wa kwanza haujaisha. Sababu zake zinafaa kukumbukwa moja moja. Mashine zilikuwa za aina nyingi mno, hivyo spea ya moja haikuingia katika nyingine. Karakana ilikuwa changa na mafundi wachache. Madereva walikabidhiwa mashine kubwa baada ya mafunzo mafupi. Njia ya reli kutoka pwani na bandari ya Dar es Salaam zilielemewa na mizigo. Zaidi ya yote, udongo wenyewe haukuwa umeulizwa. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali uliochanganyika na mfinyanzi. Ukiwa mkavu hukakamaa kama tofali na kuyala majembe ya chuma hadi yakawa butu, na karanga zilizokomaa zilibanwa ardhini zisiweze kung'olewa.

Mwezi Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na zaidi ya paundi milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Wanahistoria wameandika mengi juu ya wakubwa wa London waliokosea hesabu. Mimi nataka tuangalie jambo moja dogo: walionunua zile mashine walitazama bei na idadi, hawakutazama zitatengenezwa na nani, kwa spea ipi, katika udongo gani.

Trekta la wote, trekta la nani?

Mwaka 1953 liliundwa Shirika la Kilimo la Tanganyika ili kurithi mabaki ya mradi. Katika Kongwa, Nachingwea na Urambo shirika hilo liliweka wakulima wapangaji. Shirika lililima kwa trekta, mkulima akapanda, akapalilia na kuvuna, na gharama za kulimiwa zikakatwa katika mavuno yake. Babu alikuwa miongoni mwa walioingia katika mpango huo kwa muda. Aliyojifunza humo aliyashika hadi kufa, nayo ni kwamba saa ya trekta ina bei, na bei hiyo hulipwa na gunia, iwe mvua imenyesha au haikunyesha.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 nchi iliweka matumaini makubwa katika trekta. Palianzishwa makazi mapya ya vijiji vya kilimo, vikipewa mashine, nyumba na wataalamu kwa gharama kubwa. Mwaka 1966 Serikali ilisitisha mpango huo kwa kuwa mavuno hayakuweza kulipia mashine. Mwalimu Nyerere aliwakumbusha wananchi katika miaka hiyo kwamba watu wengi walikuwa bado na jembe la mkono, na kwamba kuhama kutoka jembe la mkono hadi plau ya ng'ombe kungekuwa mapinduzi makubwa kuliko kuyangoja matrekta. Sisi tunaotoka katika nchi ya mifugo tunapaswa kulipima neno hilo bila haraka. Ng'ombe hazai deni la dizeli, na akizeeka huliwa.

Kisha ikaja Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971, watu wakahamishiwa katika vijiji vya Ujamaa. Yako maeneo ambako trekta lilipelekwa kulima shamba la kijiji. Wazee wetu wanasimulia kwamba trekta la namna hiyo lilikuwa na madereva wengi na mlezi hakuna. Kila mtu aliyelihitaji alilipanda. Siku lilipolia kwa kukosa oili, hakuwako aliyesikia, kwa sababu hakuwako aliyepangiwa kusikia. Miaka ya 1980 ilipofika, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata, hata aliyesikia hakuweza kusaidia. Matrekta yalisimama nchi nzima kwa kukosa betri, mpira wa pampu, au tairi. Serikali ilijaribu kupunguza shida hiyo kwa kuunganisha matrekta ya Valmet ya Kifini huko Kibaha, lakini mahitaji ya nchi yalikuwa makubwa kuliko uwezo.

Mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa kwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na katika miaka iliyofuata mitumba ya kila aina ikaingia: nguo, magari, na baadaye matrekta kutoka Ulaya. Wakati huohuo Kibaigwa, iliyo katika wilaya yetu kando ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, ilikua na kuwa soko la mahindi linalojulikana ndani na nje ya nchi. Mkulima wa Kongwa akapata mnunuzi mlangoni. Mwaka 2009 Serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza, na matrekta mapya kutoka India yakaletwa kwa njia ya SUMA JKT, wako waliokopa mapya. Wengi wa wakulima wa kati, hata hivyo, waliendelea kununua lililotumika. Huko ndiko tulipo nasi.

Kwa nini lile jekundu limejaa kila mahali

Mtu akipita barabara za mikoa yetu wakati wa kilimo, ataona matrekta mekundu ya Massey Ferguson yenye umri wa kumzidi dereva. Jambo hili lina historia yake, na ndugu zetu wanaoishi Coventry wamekuwa wakipita karibu na chimbuko lake bila ya kulijua.

Harry Ferguson alizaliwa mwaka 1884 katika County Down, Ireland. Katika ujana wake plau ilikuwa ikikokotwa nyuma ya trekta kama mkokoteni. Ikigonga jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikainuka, na mara nyingine mashine ikampindukia dereva na kumwua. Ferguson alibuni mikono mitatu ya kuishika plau nyuma ya trekta, ikiinuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta, yaani haidroliki. Kwa mpango huo mzigo wa plau hugandamiza magurudumu ya nyuma badala ya kuinua pua, hivyo trekta jepesi likaweza kufanya kazi ya trekta zito.

Mwaka 1938 yeye na Henry Ford walikubaliana kwa kupeana mikono tu, pasipo hati, watengeneze matrekta pamoja. Urafiki huo ulivunjika baada ya vita, na kesi yao ilimalizika mwaka 1952 kwa Ferguson kulipwa dola milioni 9.25. Nalitaja jambo hilo kwa makusudi, nitalirejea. Tangu 1946 hadi 1956 matrekta yake ya rangi ya kijivu, TE20, yalitengenezwa katika kiwanda cha Banner Lane, Coventry, na idadi yake ikapita 500,000. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada. Mwaka 1964 zikatoka MF 135, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu na nguvu za farasi takriban 45, na MF 165 iliyo kubwa kuliko hiyo, yenye silinda nne na nguvu takriban 60.

Kiwanda cha Banner Lane kiliacha kuunda matrekta mwaka 2002. Uhai wa miundo yake haukukatika, kwa maana ilikuwa imekwisha kupelekwa India kwa kampuni ya TAFE, na Pakistan kwa kampuni ya Millat, ambazo ziliendelea kuitengeneza pamoja na spea zake. Hii ndiyo siri ya lile jekundu. Fundi wa Kibaigwa analifahamu, ringi za pistoni zinapatikana Dodoma, na kama hazipo Dodoma basi zitapatikana Morogoro au Dar es Salaam. Trekta ambalo spea zake zipo dukani halizeeki upesi. Lile ambalo spea yake hungojwa kwa meli limekwisha kuzeeka siku linapotoka bandarini.

Tununue wapi, na la ukubwa gani

Katika barua na simu zilizotangulia mkutano huu nimesikia maoni ya namna tatu. Wako wanaosema tununue Uingereza na kulisafirisha. Minada ya mashine za kilimo ipo, na ule wa Cheffins, uliojulikana zamani kama mnada wa Cambridge, umewavuta wanunuzi wa nchi nyingi. Faida yake ni uchaguzi mpana. Hasara yake ni kwamba bei ya mnada ni mwanzo tu wa safari: yapo malipo ya mnada, usafiri hadi bandarini, meli, bima, ushuru, wakala wa forodha na lori la kulifikisha Kongwa. Isitoshe, matrekta ya miaka ya karibuni huko yana mitambo ya kielektroniki katika gia na haidroliki, ambayo fundi wetu hana kifaa cha kuisoma.

Wako wanaosema tununue kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam au Morogoro walioyaleta tayari. Hapo tunalipa faida ya mfanyabiashara, lakini tunanunua kitu tunachoweza kukishika, na Baba Mdogo anaweza kwenda nacho shambani kabla fedha haijatoka. Na wako wanaosema tununue kwa mkulima wa jirani anayeliuza la kwake. Bei yake huwa ya chini, na historia ya mashine hujulikana kijiji kizima, ila mara nyingi anayeuza trekta karibu na msimu ana sababu ya kuliuza.

Maoni yangu ni kwamba njia ya pili ndiyo ifaayo, na ya tatu isikataliwe iwapo fundi wetu ataridhika. Kuhusu ukubwa, MF 135 ni mashine ya kuaminika, lakini katika udongo wetu itavuta plau ya visahani viwili kwa taabu. Plau ya visahani vitatu, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi kwetu, inahitaji nguvu za farasi 60 hadi 75. Tutazame basi MF 165, 265 au 275, au 375 kama fedha itaruhusu. Trekta la nguvu hizo, likiwa zima na ardhi ikiwa imelainika, hulima karibu ekari moja kwa saa. Kwa hesabu hiyo shamba letu lote litakwisha katika wiki mbili za mwanzo wa mvua, na zitabaki siku za kuwalimia majirani kwa malipo.

Kulikagua kabla ya kulipa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Trekta lililopakwa rangi mpya inayong'aa hadi kwenye nati halina budi kutiliwa shaka, kwani rangi huficha ufa, kiraka cha kuchomelea na mahali panapovuja oili. Nimezungumza na fundi wa ukoo, mtoto wa Shangazi, ambaye amefungua injini nyingi za aina hii, nasi tumekubaliana juu ya utaratibu ufuatao.

Kwanza, mkaguzi afike asubuhi pasipo kutazamiwa, na aiguse injini kwa mkono kabla ya kuwashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema ili kuficha ugumu wake wa kuwaka. Dizeli nzima huwaka ikiwa baridi pasipo kubembelezwa. Moshi utazamwe: ukiwa mweusi mfululizo, nozeli au pampu ina kasoro au hewa haiingii ya kutosha, ukiwa wa buluu, oili inaungua ndani ya silinda, ukiwa mweupe na usiokoma hata baada ya injini kupata moto, huenda maji yanaingia mahali yasipotakiwa. Kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikiunguruma. Moshi ukitoka hapo kwa mapigo mazito, ringi na silinda zimelika. Oili yenye rangi ya maziwa imechanganyika na maji. Mapovu katika rejeta ni habari mbaya.

Pili, mita ya saa isiaminiwe peke yake, kwa kuwa hukatwa na kubadilishwa. Kuna mashahidi wasiohongwa: pedali ya klachi iliyolika mpira, kiti, mashimo ya pini za mikono mitatu yaliyopanuka, na usukani unaocheza. Trekta lenye mita inayoonyesha saa chache huku pini zake zimelika nusu limesema uongo kwa mdomo mmoja na kweli kwa mwingine.

Tatu, liendeshwe katika kila gia, likiwa na mzigo. Gia inayoruka yenyewe, au kilio kinachopanda na mwendo, ni dalili ya gharama kubwa. Haidroliki ijaribiwe kwa kuinua plau, kisha injini izimwe. Plau ikianza kushuka upesi, mafuta yanapita palipolika. Shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kupukuchua mahindi iwashwe na kuzimwa mara kadhaa, kwa sababu mapato ya miezi ya kiangazi yatatoka hapo.

Nne, matairi ya nyuma yatazamwe kana kwamba yananunuliwa peke yake, kwa kuwa bei yake inaweza kugeuza trekta rahisi kuwa ghali. Mwisho, namba zilizogongwa katika bamba la chesi na katika injini zilinganishwe na zile za kadi, na jina la anayeuza liwe ndilo lililo katika kadi. Mwenye kadi ya mtu mwingine mfukoni anauza maneno.

Mwenye trekta

Nimesema nitalirejea jambo la Ferguson na Ford. Watu wawili wenye akili kubwa na nia njema walikubaliana kwa mkono, na baadaye kesi yao ikachukua miaka. Sisi ni ndugu, na kwa sababu hiyo tunaona haya kuandikiana. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na mambo yote niliyoyasimulia hapo juu, tangu Mradi wa Karanga hadi trekta la kijiji, yanaonyesha kwamba mashine za Kongwa hazikuuawa na kazi. Ziliuawa na kukosa mtu mmoja anayewajibika, spea, na fedha iliyotengwa kwa siku ya kuharibika.

Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano mapendekezo haya. Mosi, trekta lisajiliwe nyumbani, na msimamizi wake awe mmoja, ateuliwe na wazee, awe na mamlaka ya kumkatalia hata mjomba aliyetoka Ulaya kwa likizo. Pili, dereva awe mmoja, mwenye leseni, na alipwe ujira. Kazi ya dereva isigeuzwe zawadi kwa kijana asiye na shughuli. Tatu, kati ya fedha tutakayochanga, theluthi moja isiguswe wakati wa kununua. Hiyo ni ya plau, haro, tela, filta, oili na matengenezo ya msimu wa kwanza. Anayemaliza fedha yote kwa kununua trekta amenunua kivuli cha kuku kulalia. Nne, kila saa ya kazi iandikwe katika daftari, iwe ni katika shamba la ukoo au la jirani, na shamba la ukoo nalo lilipe, japo kwa bei nafuu. Babu alijua kwamba saa ya trekta ina bei. Tukijifanya haina, deni litajilimbikiza ndani ya injini tusilione. Tano, jozi mbili za ng'ombe wa plau zilizopo zisiuzwe. Zitalima kingo za shamba na sehemu zenye visiki, na zitatuokoa mwaka ambao chuma kitakataa.

Wako watakaosema kwamba masharti haya ni magumu kwa mali ya ndugu. Nawaomba wakumbuke kwamba mradi uliokuwa na mamilioni ya paundi, wataalamu na serikali nyuma yake ulishindwa katika udongo huuhuu, ambamo Baba Mdogo amelima na kuvuna maisha yake yote kwa kujua tu ni lini pa kuanza na pa kuacha. Ujuzi huo yeye anao. Kinachomkosesha ni kuwahi. Trekta lililotumika, likichaguliwa kwa macho na kutunzwa kwa daftari, linaweza kumpa wiki mbili hizo anazozikosa kila Desemba.

Naomba wajumbe waje mkutanoni wakiwa wameyasoma mapendekezo haya, na wale wasioweza kusafiri wapeleke kura zao kwa Katibu kabla ya siku ya mkutano, ili uamuzi uwe wa wote na ukaguzi uweze kufanyika wakati wa kiangazi, kabla bei hazijapanda na mawingu hayajakusanyika. Mwenyezi Mungu awalinde wazee wetu, abariki safari za wote watakaokuja, na atujalie mvua ya wakati wake.